Nusu Kidole

Bytom, Februari. Chini ya jengo la matofali yaliyopigwa na masizi,
katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia makaa,
Ginter amepiga magoti mbele ya spika,
tochi mdomoni, maikrofoni mkononi,
anatafuta.

Mimi nimekalia kreti la bia, gitaa pajani,
uzi mnene nimeulegeza hadi unaning'inia
kama mkanda wa mashine iliyozimwa.
Tumelipia siku mbili. Moja imekwisha,
na tulichorekodi ni mvumo wa friji ya ghorofa ya kwanza.

Amplifaya niliinunua kwa mjane mmoja wa Gliwice.
Inanuka vumbi lililoungua na sigara za marehemu.
Balbu zake nne za nyuma
huchukua dakika ishirini kukubali kuamka.

Nilikuja na kifundo cha mkwaruzo kwenye kumi.
Besi nimeijaza, ncha za juu nimezinoa,
sauti za kati nimezifuta zote, sikuona kazi yake.
Nyumbani ilikuwa radi; glasi zilihama kabatini.
Hapa, kwenye spika mbili ndogo za Ginter,
ni nyuki ndani ya kopo.
Debe tupu, basi. Nimelibeba mwenyewe
kwenye tramu, kilo arobaini,
nimelipandisha na kulishusha ngazi.

Ginter hasemi. Anarudisha kumi hadi tano na nusu.
Najisikia kama mtu aliyevuliwa koti kituoni.
Anapandisha sauti za kati, kidogo, tena kidogo,
na ule mngurumo unaota pua, unaota taya,
unaanza kuwa na mwenyewe.
"Piga."
Napiga, kiganja kikibana nyuzi karibu na daraja.
"Kwa nguvu. Sasa huna pa kujificha."

Ni kweli. Kwenye kumi mkwaruzo ulinifunika,
kila kosa likapita na umati.
Kwenye tano na nusu nasikia kucha yangu,
nasikia nilipochelewa.

Kisha maikrofoni. Katikati ya karatasi ya spika: bati.
Pembeni: blanketi.
Nusu kidole kushoto.
Nusu ya hiyo nusu.
Ananiashiria kwa nyusi: piga, nyamaza, piga.
Na bado, chini ya kila pigo,
kuna kitu kinachotetema kikichelewa, nyuki mmoja aliyebaki.

Saa tisa baba anashuka na chupa ya chai.
Alfons: miaka ishirini na sita na mashine ya kutoboa mwamba.
Masikio yake aliyaacha huko, mita mia saba chini.
Ndege hawasikii tena. Herufi za s na f humpita
kama treni zisizosimama.
Hakuna aliyemuuliza kitu.
Anaweka kiganja juu ya kasha la spika,
vile walivyokuwa wakiugonga mwamba wa juu kwa fimbo
kabla ya kuingia, kujua kama umeshikamana au unangoja mtu.
Naona midomo ya Ginter ikitaka kucheka, ikiahirisha.

"Umepiga mara moja," baba anasema,
kwa sauti kubwa mno, kama kawaida yake.
"Imefika mara mbili."

Skrubu. Moja, ubao wa nyuma, upande wa kulia.
Ginter anaikaza kwa sarafu.

Sitasema sauti iliyotoka ilikuwa nini.
Nilipiga pigo moja, nikalikata,
na ukimya uliofuata ulikuwa na kingo.
Tukarekodi kushoto. Tukarekodi kulia, upya, bila kunakili,
mikono miwili ya mtu yuleyule isiyofanana.

Usiku Ginter alizungushia miguu ya stendi utepe mweupe sakafuni,
akaandika tarehe, na: USIPUMUE HAPA.
Nilizima taa kwa kiwiko, toka mlangoni.

Ngazini baba alisimama kuvuta pumzi.
"Na wimbo wenyewe," akauliza, "unahusu nini?"
Nikamwandikia kwenye ukungu wa dirisha, kwa kidole:
bado hatujafika huko.