Mama Haketi

Athieno, mwanangu wa miaka mitano,
alikuwa akicheza nyuma ya nyumba, kando ya pipa la maji.
Mwanasesere wake ni gunzi la hindi
lililofungwa kiunoni kipande cha pazia kuukuu.
Gunzi ndilo mama. Yaani mimi.
Lilipika limesimama.
Likala limesimama, juu ya mfuniko wa sufuria,
likawafunga watoto kamba za viatu
(watoto ni vizibo vitatu vya soda),
likapiga funda moja la chai, likakimbia kazini.
"Mbona humketishi?" nikamwuliza.
Akanitazama kana kwamba nimeomba maziwa ya kuku.
"Mama haketi."

Sikucheka. Mkono mmoja ulikuwa na beseni la nguo,
wa pili simu: mkuu wa zamu anauliza
kama naweza kumshikia Apio usiku wa Jumamosi.
Nikasema ndiyo.
Ndiyo yangu hutoka kabla sijaiita.

Usiku ule nilizihesabu nyufa za visigino.
Kulia kumi na nne. Kushoto nikaacha.
Mafuta ninayo, kopo kubwa la bluu;
nimewapaka wote watatu tangu kuzaliwa,
mimi nikijipangusia kinachobaki viganjani.
Miaka tisa ya mabaki.

Na hospitalini ndiye mimi ninayewaambia watu:
kunywa maji, lala mapema,
mguu huu uliovimba uinue juu ya mto.
Mganga hajigangi, walisema wahenga,
wakaondoka bila kusema nani amgange
saa kumi na moja alfajiri, mkaa umelowa.

Asubuhi yake,
kabla malori ya Malaba hayajaanza kunguruma,
kabla vumbi la saruji halijatua juu ya migomba,
mwamba wa Tororo ukiwa bado giza ndani ya giza,
nilipindua ndoo, nikaikalia.
Miguu ndani ya beseni, maji vuguvugu, chumvi ya mawe.
Nikamimina kikombe cha kwanza,
kile chenye utando wa maziwa wanaougombania.
Nikaula utando. Wote.
Ada ya shule ilinijia dakika ya nne.
Nikaiambia: ngoja hapo mlangoni, hufi.

Nyafwono akachungulia juu ya ua.
"Unaumwa?"
"La."
"Kuna msiba?"
"La. Nimeketi."
"Umeketi," akarudia polepole,
kama anayeonja chakula cha ugenini.
Akaenda zake. Kitambo kidogo
nikasikia ndoo ikipinduliwa upande wa pili.

Nilikuwa nimesahau chai ya moto ilivyo.
Tangawizi huuma kwanza,
kisha hukusamehe.

Dakika kumi na moja, basi.
Opendi akaamka akililia soksi.
Dada yake akamwambia: ziko chini ya kitanda.
Zilikuwa chini ya kitanda.
Kumbe nyumba yenyewe inajua vitu vyake vilipo.

Nilikwenda zamu na mkunjo kwenye kola.
Hakuna mgonjwa aliyezidiwa kwa sababu ya mkunjo.
Mchana nikampigia mkuu: Apio atafutiwe mwingine.
Akanyamaza. Nami nikanyamaza,
na kimya changu, siku hiyo, kikawa kirefu kuliko chake.

Nisiseme nimepona.
Jana nimekula nimesimama tena,
kiporo cha kalo na mboga ya boo, kwenye mfuniko uleule.
Nyufa zimebaki kumi na mbili.
Leo jioni nimepita nyuma ya nyumba:
gunzi bado wima, pazia limeloa,
linafua.
"Ataketi," Athieno ananiahidi, "akishamaliza kazi."
Nikachuchumaa, magoti yakalia.
Hatamaliza, mwanangu.
Mketishe sasa hivi.