Kula Chumvi Nyingi

Tumbo langu lilifika mlangoni kabla yangu.
Sokoni Arua walishanipa majina ya mapacha;
nikacheka, nikapima chumvi, nikafunga vifuko.
Kumbe nilibeba maji,
na wewe ndani yake, mdogo kama dagaa.

Ulikuja kabla ya mwezi wako.
Nepi ya kwanza ikalowa. Ya pili. Ya tano.
Muuguzi akasema, "Anakojoa vizuri huyu,"
nami nikafurahi.
Siku ya tatu nilikamua kitambaa, nikakinusa.
Haukuwa mkojo.
Choo chako kilikuwa maji,
maangavu kuliko ya mto Enyau.

Mama mkwe akatazama utosi wako uliobonyea
akataka uitwe Drateru,
jina la mtoto anayengojewa na kifo,
kwani kaka yako alipita njia hiyo hiyo
kwa siku tisa, na tukasema ni kuhara tu.
Nikamwambia: subiri, mama. Jina halikimbii.

Damu yako ilipanda basi la usiku kwenda Kampala.
Siku kumi na moja nilihesabu matone ya dripu
mpaka yakawa na sauti.
Daktari Birungi akachora utumbo nyuma ya bahasha,
akachora mlango uliozaliwa umekwama:
chumvi inashindwa kurudi mwilini,
inatoka, na maji yanaifuata.
"Nusu ya kasoro kwa baba, nusu kwa mama.
Ninyi wenyewe hamuumwi."
Andama akaitazama mikono yake
kama mtu aliyekutwa na mali asiyoiiba.

Na mimi muuza chumvi!
Miaka tisa inanichubua vidole,
naikung'uta kwenye gauni kabla ya kulala.

Dawa ni hiyo: ya gunia langu, iliyopimwa kwa gramu,
na nyingine chungu, ya chupa ya kahawia,
mara nne kwa siku, maisha yako yote.
"Haiponi," alisema. "Ataishi nayo."
Nikalishika lile neno, ataishi,
mengine nikayaacha mezani pake.

Kaka yako nilimzika
gunia likiwa wazi jikoni.
Hapo sina la kuongeza.

Tumekuita Ayikoru, furaha,
ingawa bado nakamua vitambaa na kunusa.
Watu wakimsifu mzee husema amekula chumvi nyingi.
Wewe umeanza juzi.
Saa kumi alfajiri, jogoo wa jirani hajaamka.
Fungua kinywa.