Mlango wa Nyuma

Nyuma ya wodi ya mapafu, hapa Gyumri,
theluji imekanyagwa hadi ikawa njia:
viatu vyetu vyeupe, wauguzi na madaktari,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.
Kopo la maharage limefurika vipisi.

Siku ile nilirudi ndani, nikanawa kwa sabuni ya limau,
nikatafuna karafuu, nikavaa sauti ya kazi,
nikamwambia Vardges, fundi viatu,
"Sigara itakumaliza. Acha."

Akaushika mkono wangu kama anayepima ngozi,
akanusa vidole.
"Muuguzi Shogher, hii si limau."

Mganga hajigangi, naam, naijua.
Lakini kuisikia kwa pumzi ya mtu
anayeokota hewa punje punje

Nikakaa kitandani pake. Hotuba sikuwa nayo.
Nikamwambia ya kweli: nilianzia zamu ya usiku,
miaka ishirini, maiti wawili na chai baridi;
kwamba nimeacha mara nne;
kwamba asubuhi ndiyo mbaya, kahawa ikinukia.
Akasema, "Yangu ni gundi.
Nikifungua gundi tu, mkono unatafuta."
Ndipo nikatoa daftari, tukaandika:
gundi, kahawa,
dawa ya kubandika begani,
moja kwake, moja kwangu.

Alitoka Machi. Hupiga simu Jumapili.
"Mimi ya arobaini na moja. Wewe?"
"Ya kwanza," nasema. "Tena."
Anacheka, anakohoa,
hakati simu.