Kifuniko cha Pikapu

Ndeeba, saa nne asubuhi, harufu ya gundi na rangi mbichi.
Fundi Ssemwogerere ananiuliza mwenye gari yuko wapi.
Nazitikisa funguo kidoleni.
Anacheka, anafuta mikono kwenye ovaroli, tunaanza.

Cha kwanza ni cha faiba, kipande kimoja,
king'avu hata nyusi zangu nimeziona humo.
"Hiki, mama, mvua itakisalimu na kupita."
Kinainuka kwa nyuma, kinabaki kimeachama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Hakikunjiki. Hakitoki. Ukikitaka, umekitaka chote.

Cha pili kinajiviringa kama mkeka wa mgeni aliyeondoka,
kinaingia kwenye mkebe wake nyuma ya kabati la dereva.
Natoa utepe wangu wa kushonea.
Mkebe unakula inchi kumi na moja.
Inchi kumi na moja ni gunia la vanila lililolazwa ubavu,
na Bundibugyo kuna watu wanaolala shambani na panga
ili gunia hilo lifike kwangu.

Cha tatu ni chuma kitupu, kimechomelewa Katwe.
"Mwizi akija na mtaimbo, ataondoka na kiuno kibovu."
Naamini. Lakini springi zangu nazo zina kiuno,
na mteremko wa kwetu hauna huruma.

Miaka saba nimefunika kwa turubai la bluu.
Mwaka jana, foleni ya Busega, macho yangu kwa trafiki,
wembe ukapita nyuma bila kelele.
Kilo ishirini na tatu.
Nilifika mjini kamba zote zimefungwa vizuri,
kila fundo mahali pake, fundo langu mwenyewe.
Nililifungua polepole, kama kwamba labda.

Kwa hiyo nimekuja kununua kitu kigumu.

Ila jana, nikiwasha gari, jirani yangu Nyamahunge
aliegemea dirisha akauliza jambo moja tu:
"Tutakaa juu yake?"

Maana nyuma ya gari hili wamekaa akina mama wa kwaya, sare zikipepea,
na godoro la Kabonesa likienda bweni,
na mbuzi aliyekula karatasi za nyimbo kabla ya ubeti wa pili.
Na Basemera, uchungu umemkaza pale Kichwamba;
Buhinga ilikuwa mbali, mtoto hakuijua Buhinga.
Wanamwita Hailaksi mpaka leo. Ana miaka sita. Hapendi.

"Kinabeba mtu?" nauliza.
"Mama, hiki ni cha kuzuia watu."

Basi namwomba cha nne, kile cha kona, chenye vumbi,
alumini, vipande vitatu, bawaba katikati.
Ukikunja mara moja, anapata nafasi mtu mmoja na kuku wake.
Ukikunja mara mbili, kwaya, bila sauti ya nne.
"Hicho huvuja kidogo," anasema, kwa uaminifu unaomuumiza.
Naazima jerikani, namwaga maji mwenyewe, natambaa ndani na tochi.
Matone matatu, kona ya kushoto.
Nangoja la nne. Halijaja.

Milioni nne na nusu. Tunabishana hadi chai inapoa.
Nne na laki moja, na mpira mpya wa ile kona.

Natete, foleni. Kwenye kioo naona vijana wawili wamefika nyuma.
Mmoja anaweka kiganja juu ya alumini.
Anagonga mara mbili, taratibu, kama mgeni mlangoni,
anamtazama mwenzake, wanapita.
Nami, aibu iliyoje, nilitaka kusema karibu.

Mvua imenikuta Mityana.
Turubai lilikuwa likipiga kelele njia nzima;
hiki kinahesabu tu, hakichoki, hakikosei.

Funguo za kufuli ni mbili.
Moja iko hapa, na zile nyingine.
Ya Nyamahunge, kama ni ya Nyamahunge,
nitaifikiria nikipita Mubende.