Madoa ya Kitambaa cha Meza

Umeshuka na treni, mkoba begani,
vumbi la njiani bado limelala nyusini,
na kabla hujanitajia jina lako
unaniuliza: fundi, hapa Kigoma watu wanakula wapi?

Kaa. Usikae hapo, pana sindano.

Swali lako dogo limeshasikika.
Muuza vocha kageuza kiti.
Rusimbi wa baiskeli kaacha kuziba pancha,
kashika tairi kama sinia,
anasema: Gungu, kwa Yustina, asikudanganye mtu,
wali wa pale umelala punje moja moja
kama watoto wa bweni.

Yustina? Muuza vocha anacheka hadi anakohoa.
Yustina wa nyama mbili na mchuzi wa kuogelea?
Nenda Kibirizi, kaka. Mgebuka katoka majini saa kumi na mbili,
saa moja yuko juu ya makaa,
hata hajajua kwamba amekufa.

Chipsi za stendi sizisemi vibaya.
Ila mafuta yale nilianza kuyafahamu
nikiwashonea vijana kaptula za shule,
na vijana wale leo wananiletea vitambaa
vya kaptula za watoto wao.

Mimi nitakwambia Bi Sikujua, Ujiji,
nyuma ya ghala la mawese.
Jina lake Sikujua, lakini chumvi anaijua.
Maharage yake mekundu kama jua la saa kumi na mbili na nusu,
ugali wa muhogo unavutika, hauna haraka ya kukatika,
na kuhe, siku akipatikana.
Hana menyu. Ukimuuliza kuna nini
naye anakuuliza una njaa kiasi gani.
Kasoro zipo. Benchi lina mguu mmoja mfupi,
na mwenyewe ana ulimi:
ukibakiza tonge, atakuuliza mbele za watu
kama mkeo ndiye anayejua kupika.

Ile ya kilimani, yenye taa zinazotazama ziwa?
Rusimbi anasema soda ya pale ni bei ya kuku.
Muuza vocha ana shemeji aliyekula pale, sherehe ya mtu,
akarudi nyumbani usiku akasonga ugali.

Mimi nanyamaza.
Vitambaa vyao vya meza nashona mimi, mwaka wa tisa huu.
Vikichakaa vinarudi nivipunguze,
na kabla ya mkasi navisoma.
Hapa divai. Hapa haradali.
Hapa mtu kaandika hesabu kwa kalamu ya wino,
kaikata, kaiandika tena, haikutoka.
Doa la mawese sijaliona hata moja.
Miaka tisa, mgeni wangu, katika mji huu,
hata tone!

Lakini siku moja nilipeleka arobaini, vimepigwa pasi,
wakaniambia malipo nisubiri jikoni.
Mpishi, kijana wa Mwandiga, kofia nyeupe ndefu,
kakaa juu ya kreti
anakula dagaa kwenye mfuniko wa sufuria,
vidole vyekundu hadi kwenye pingili.
Hakusema karibu. Alisogea tu.
Nikanawa.

Kwa hiyo nikikwambia chakula cha kilimani ni kizuri
usinishangae, nimekila.
Ila sijui utaagizaje.

Haya, Rusimbi kaondoka na hasira na tairi la mtu,
muuza vocha anampigia shemeji yake aje atoe ushahidi,
na wewe, naona, wakati sisi tunabishana
umeimaliza mihogo yangu ya kuchemsha,
ile iliyokuwa kwenye gazeti, kando ya cherehani.

Sikatai. Ndiyo maana niliiweka pale.
Sema tu ukweli, na wewe sasa ni mtu wa hapa:
chumvi ilitosha?