Chupa ya Nusu Rupia

Buluu ya chupa hii si ya bahari, niachieni bahari.
Ni buluu ya wino uliomwagikia kanzu ya Ijumaa.
Kizibo kilioza zamani;
nyanya aliziba kwa kitambaa na nta.

Aliinunua kwa Hiptula, Ndia Kuu,
mwaka aliozikwa Shufaa, mwanawe wa kwanza,
mwenye meno manne.
Siku hiyo mpiga mbiu alipita Kuze na kengele ya mkono:

    Njoni wenye kikohozi, na kifua cha kubana,
    Wenye jino na malazi, wasolala tangu jana,
    Chupa moja ni mjuzi, hakimu hana maana,
    Nusu rupia, azizi, utalala kama mwana.

Kama mwana.
Nyanya akafungua fundo la leso.

Msidhani nyumbani dawa hazikuwako.
Mvuje ulikuwako, ukinuka hata ukutajwa tu;
uwatu wa kulowekwa, habasoda na asali,
haluli ya alfajiri isiyo na msamaha.
Na kombe: Maalim Athmani aliandika kwa zafarani
juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi,
nyanya akanywa hadi tone.
Herufi zikashuka. Usingizi haukupanda.

"Kombe wanywa maandishi," aliniambia uzeeni,
"chupa hii maandishi yake yalikaa nje,
nami nikinywa nisichokijua."

Nje palikuwa na Mzungu mwenye masharubu
kama pembe za ng'ombe wa kuuzwa.
Kijiko cha kwanza, ulimi ukawaka.
Cha pili, magoti yakayeyuka kama samli.
Cha tatu, jua likamkuta mkekani,
na kwa mara ya kwanza tangu matanga
ukuta haukulia usiku.

Wiki ya pili akaja Yeremia Tofiki, karani wa posta,
kijana wa misheni ya Kisauni,
kaleta barua ya babu kutoka Kismayu.
"Nisomea na hii, mwanangu.
Mato yangu na haya ya kizungu hayajuani."

Akasoma: kikohozi. Baridi yabisi. Minyoo.
Huzuni ya wanawake. Upara.
Kwato za farasi.
Nyanya akateka hata ushungi ukamwanguka:
"Basi na punda wa Mwinyi Kai apawe kijiko!"

Kidole cha Yeremia kikashuka hadi chini,
herufi zilipokuwa ndogo kama mayai ya chawa,
kikasimama hapo.

"Hapo pasemaje?"

Kijana akatazama dari, akahesabu boriti.
Zilikuwa tisa; nyanya naye alizihesabu.
"Pasema mna kileo, Bi. Kileo, na afyuni kidogo."

Chupa ilipinduliwa kizingitini, mchana, majirani wakiona.
Bi Kibibi wa nyumba ya pili alisema sisimizi
walikwenda upogo hadi magharibi.
Hiptula aliapa kwa ndevu zake:
kizungu chake kilikoma kwenye bei.
Yeremia hakuitwa tena kusoma barua,
kana kwamba yeye ndiye aliyekitia kile kileo.

Hivyo ndivyo mtaa ulivyokisimulia kisa.
Mimi niliambiwa na mkia wake,
usiku mmoja wa joto, nikimkanda miguu:

"Sikumwaga yote.
Vijiko viwili nilivibakisha kwenye kikombe cha kahawa,
nyuma ya mtungi.
Sikuvinywa, wallahi. Nilikuwa nikivinusa.
Vikakauka vyenyewe, na kikombe nikakinusa pia."
Akanyamaza kidogo.
"Hapo kwenye unyayo, kaza."

Sasa natia humo mafuta ya nazi.
Kila nikiosha, kibandiko kinapungua:
farasi hayuko, upara hauko, minyoo haiko,
zile herufi za chini zilitangulia kutoka.
Yamebaki masharubu, ya upande mmoja.