Kinyozi wa Bondeni na Okidi

Zuhura aliileta ndani ya mfuko wa dobi.
"Hotelini wameitupa. Maua yamepukutika,
basi, wakasema imekufa. Wewe una wembe, itazame."

Wembe ninao, kweli, na kioo chenye ufa,
lakini mgonjwa kama huyu hajawahi kukalia kiti changu:
majani matatu, manene kama ulimi wa ng'ombe,
na kijiti kirefu, kitupu,
kinachoinyooshea kidole hoteli ya chai ng'ambo ya barabara.

Nilianzia mizizini, kama ninavyoanzia kisogoni.
Ya kahawia ilibonyea, ikatoa maji. Nikaikata.
Ya rangi ya fedha niliinyunyizia,
ikageuka kijani papo hapo,
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.

Wembe nikaupitisha motoni, nikaungoja upoe.
Nikahesabu kutoka chini: pingili ya kwanza, ya pili,
kisha juu yake, upana wa kidole,
twa.
Wateja wangu huuliza, "Tayari?" Huyu hakuuliza.

Kidondani sikutia spiriti wala poda.
"Mdalasini," alisema Bi Mwanaesha, "huo huo wa pilau,"
na siku nzima watu walichungulia dukani
wakidhani kuna arusi.

Udongo haiutaki. Nimeipa makumbi ya nazi
niliyoyaloweka siku tatu yateme chumvi,
na vipande vya makaa.
Maji ya kisima yana munyu, ya mkokoteni yana bei;
nimetega kopo nyuma ya benki, chini ya kiyoyozi.
Mali yao inanidondokea tone tone, hawana habari.

Wiki ya tisa leo.
"Mzee Shee, unafuga kijiti?"
Nawajibu: nimenyoa watoto wa arobaini wasio na idadi,
hakuna aliyelilia nywele.
Hulilia ubaridi wa wembe tu.

Ila kuna jambo sijamwambia Zuhura.
Siku ile, kwa haraka, nilikata na mzizi mmoja mzima.
Ulikuwa wa fedha. Nimeuweka kwenye droo,
ndani ya bahasha ya nywele za kwanza za Fumo,
mwanangu, aliyeko Dammam mwaka wa sita.

Jana pingili ya chini imevimba, kiasi cha punje ya mchele.
Ua au jani, sijui.
Nimekigeuza chungu kidogo kuelekea mwanga,
nikakung'uta shuka, nikaita,
"Nani anafuata?"